Kufuata gunia la mkaa kinyumenyume: Dar es Salaam, Mikumi, Ulaya, Kilosa

Safari hii ilifanyika Agosti 2024, katikati ya kiangazi, na imeandikwa baada ya kurudi, kutokana na daftari na picha za simu. Nia ilikuwa kulifuata gunia la mkaa kutoka mahali linapouzwa mpaka kwenye kisiki lilikotoka. Tulichagua Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro (Ulaya ya kwenye kichwa cha habari ni kata ya huko, si bara), kwa sababu tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa vya huko vimekuwa vikivuna mkaa kwa mpango ndani ya misitu yao wenyewe. Kazi hiyo ilianza chini ya mradi wa TFCG, shirika la kuhifadhi misitu, na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, kwa ufadhili wa Serikali ya Uswisi. Bei zilizotajwa ni zile tulizolipa siku hizo.

Jumatatu: Dar es Salaam, kwenye genge la mkaa

Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Tanzania inatumia takriban tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake inaishia Dar es Salaam. Ndiyo maana tulianzia Manzese, halafu Kimara, tukiwa na mzani wa kuning'iniza.

Cha kwanza kujua ni kwamba "gunia" si kipimo. Kwenye genge moja tulipima magunia matatu ya bei moja, na zito lilizidi jepesi kwa zaidi ya kilo kumi. Tofauti yote iko kwenye lumbesa, ile nundu inayoshonewa juu kwa majani na kamba. Mnunuzi huona ni neema, lakini huko msituni lumbesa ina maana nyingine: ada ikitozwa kwa gunia, kila kilo iliyojazwa juu ya mdomo wa gunia imetoka bila kulipiwa. Ada ikitozwa kwa kilo, mtu hana haja ya kujaza nundu.

Mama mwenye genge alipoona tunapiga picha nundu hizo alicheka. "Wanangu, mkaa hautazamwi juu. Umwageni." Akatumwagia gunia zima kwenye turubai, bila kudai hata senti, huku wateja wakisubiri. Juu kulikuwa na mapande makubwa yenye kung'aa, katikati vipande vya ukubwa wa ngumi, chini chenga na vumbi, na ndani yake vijiti vitatu vya kahawia visivyoiva. Kwa dakika kumi alitufundisha kupima ubora kwa mkono. Mkaa ulioiva huvunjika kirahisi, sehemu ya ndani inang'aa, na ukigonganisha vipande viwili vinalia kwa sauti kali. Ambao haukuiva ni mzito, unavunjika kwa nyuzi, una rangi ya kahawia ndani, na ukiwashwa unatoa moshi na kuwasha macho. Ulioiva kupita kiasi ni mwepesi mno na unasagika mikononi kabla ya kufika jikoni.

*Kwa atakayenunua kwa kilo:* mkaa mkavu una unyevu kidogo, lakini ukinyunyiziwa maji huyanywa na kuyaficha. Shika kipande kilichotoka katikati ya gunia. Kikiwa cha baridi na kizito isivyo kawaida, unalipia maji.

Jumanne: Dar, Morogoro, Mikumi

Treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, daraja la kawaida, Dar mpaka Morogoro ilikuwa shilingi 13,000. Njoo na kitambulisho na ufike mapema, maana milango hufungwa kabla ya treni kuondoka. Ungeweza kuendelea na treni hadi Kilosa, lakini relini huoni biashara ya mkaa. Barabarani unaiona. Kwa hiyo tulishuka Morogoro, tukachukua bodaboda kutoka stesheni hadi stendi ya Msamvu (3,000), tukapanda basi la kwenda Mikumi (7,000). Basi lilikaa stendi saa moja na nusu likingoja abiria. Ndani yake tulikula chipsi mayai na kunywa maji, 4,000.

Kati ya Morogoro na mwanzo wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, magunia yamepangwa kando ya lami, mengine mawili mawili mbele ya nyumba, mengine kwa safu ndefu. Ukipita kwa gari huwezi kujua lipi limetoka kwenye msitu wenye mpango na lipi limetoka kwenye msitu unaofyekwa kwa ajili ya shamba, kwa sababu mkaa wenyewe hauna alama. Kinachoutofautisha ni karatasi: stakabadhi ya malipo na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo kila mtu barabarani anaiita TP. Kwenye vizuizi vya maliasili hukaguliwa idadi ya magunia dhidi ya hati, na kusafirisha mazao ya misitu kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi hakuruhusiwi. Konda alituambia kwamba pikipiki zilizobeba magunia matatu manne huonekana zaidi alfajiri kabla ya jua. Sababu ni hiyo.

*Kwa msafiri:* usikubali dereva akuwekee gunia la njiani kwenye buti bila stakabadhi na TP yake. Kwenye kizuizi anayeulizwa ni mwenye mzigo. Hifadhini Mikumi fuata mwendo ulioandikwa kwenye vibao, maana kugonga mnyama hutozwa faini kubwa.

Chumba Mikumi mjini 25,000, wali maharage na mboga 3,500.

Jumatano: Mikumi hadi Ulaya

Barabara ya Mikumi–Kilosa inaachana na lami kuu mjini Mikumi na kuelekea kaskazini. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope, na sehemu nyingine zilikuwa kwenye matengenezo. Noah hadi Ulaya ilitoza 5,000 kwa kichwa, watu kumi na mizigo yao. Tairi la nyuma lilipasuka palipo mbali na kijiji chochote, na la akiba lilikuwa halina upepo. Mkulima aliyekuwa akipita na baiskeli aliazimisha pampu yake, akakaa nasi karibu saa nzima mpaka tairi likajaa, na kabla ya kuondoka akagawa muhogo wa kuchoma aliokuwa amefunga kwenye kanga. Alikataa pesa.

Ofisi ya kijiji ndiyo mahali pa kwanza kufika, hata kama mwenyeji wako anakungoja nyumbani. Salamu, kitabu cha wageni, kisha barua ya utambulisho kutoka halmashauri ya wilaya. *Barua hiyo iombwe kabla ya safari*, kwa sababu makao makuu ya wilaya yako Kilosa, na ukitokea Mikumi unafika vijijini kwanza. Bila barua hutaonyeshwa msitu, na hakuna sababu ya kumlaumu mtendaji.

Ofisini ndipo tulipoelewa mfumo wote. Kijiji kinapima mipaka yake, kinafanya mpango wa matumizi bora ya ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kisha kinatenga msitu wa hifadhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Mkutano mkuu wa kijiji unapitisha mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Sehemu ndogo tu ya msitu huo hutengwa kwa ajili ya mkaa, na iliyobaki ni ya vyanzo vya maji, asali, mbao na kuacha kama ilivyo. Kamati ya Maliasili ya Kijiji ndiyo inayotoa vibali vya kuchoma na kufanya doria. Mfanyabiashara analipa ada ya uvunaji kwa kijiji. Mchomaji analipwa bei yake na mfanyabiashara, mbali na ada hiyo.

Hapo penye ada ndipo mfumo unaposimama au kuanguka. Msitu wa kijiji usioingiza kitu hauna mlinzi, maana doria inataka mafuta ya pikipiki, viatu, posho ya siku nzima porini. Ukiingiza pesa inayoonekana kwenye mkutano mkuu, kwa mfano madarasa au kadi za bima ya afya kwa kaya, wanakijiji wenyewe wanakuwa na la kusema mtu anapofyeka ndani ya mpaka. Marufuku peke yake haijawahi kufanya kazi hiyo. Mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa nchi nzima, bei ikapaa, na amri ikaondolewa baada ya muda mfupi.

Jioni jikoni kwa mwenyeji wetu hakukuwa na mkaa hata kipande. Vijijini kuni ndiyo nishati, na nyingi ni matawi makavu ya kuokota. Mama alikuwa na jiko la udongo la vyungu viwili, lililojengwa ukutani na bomba la moshi. Kuni zake zilipasuliwa unene wa kifundo cha mkono na kupangwa juu ya jiko zikauke kwa joto linalopotea. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto unatumika kwanza kuyachemsha maji hayo kabla ya kuchemsha ya sufuria. Ugali, mlenda na samaki wa kukaanga, ambavyo tuliambiwa havilipiwi.

Alhamisi: kwenye vitalu

Bodaboda hadi mwisho wa njia (5,000), kisha kutembea na wajumbe wawili wa kamati. Eneo la mkaa limegawanywa katika sehemu 24, moja kwa kila mwaka, ili sehemu iliyokatwa leo irudiwe baada ya miaka 24. Ndani ya sehemu ya mwaka kuna vitalu vya mita 50 kwa 50, yaani robo hekta, vinavyovunwa kwa kurukana: kimoja kinakatwa, kinachopakana nacho kinaachwa. Alama za rangi zimepakwa kwenye miti ya pembeni.

Kurukana huko kuna sababu. Kitalu kidogo kilichozungukwa na msitu hupata mbegu kutoka pande zote, udongo haukauki sana, upepo haupigi moja kwa moja, na wanyama na nyuki wana pa kuhamia. Ukikata hekta kumi kwa mkupuo, mbegu hazifiki katikati, nyasi zinachukua nafasi, na nyasi ndizo kuni za moto wa Septemba.

Hata hivyo miombo, misitu ya aina hii, haitegemei mbegu sana. Myombo, mtondoro na mlama huchipua kutoka kwenye kisiki na kwenye mizizi. Kwa sababu hiyo jinsi ya kukata ina uzito kuliko idadi ya miti. Wachomaji hapa huacha kisiki cha usawa wa goti hivi. Mkato unakuwa mshazari ili maji yasituame, na gome halichanwi, maana machipukizi hutoka chini ya gome na gome lililobanduka hukausha macho ya kuchipulia. Kisiki hakichimbwi wala kuchomwa. Miti ya mbao kama mninga, mpingo na mkongo haikatwi kwa mkaa. Mti wenye mzinga au kiota kikubwa unaachwa, miteremko mikali inaachwa, na mita 60 kutoka mtoni haziguswi, kama sheria ya mazingira inavyotaka.

Kitalu kilichokatwa miaka michache nyuma kilitushangaza. Kisiki kimoja cha mtondoro tulihesabu machipukizi kumi na manne, marefu kuliko sisi, yakiwa yamebanana upande wa jua. Mengi yatakufa kwa kunyimana mwanga, mawili au matatu yatabaki na kuwa shina. Mjumbe mmoja alipoulizwa kama huwa wanayapunguza, alisema hapana: "Tukiyapunguza mapema, ng'ombe wanakula yaliyobaki. Tunaacha yenyewe yagombane."

Ng'ombe, moto na ufuta. Hayo matatu tuliyasikia kila tulipouliza kitu gani kinaua kitalu. Mifugo hula machipukizi ya mwaka wa kwanza na wa pili. Moto wa mwisho wa kiangazi, wakati nyasi zimekauka kabisa, huunguza machipukizi mpaka kwenye kisiki, na kisiki kikiungua mara kadhaa akiba yake mizizini inakwisha. Ndiyo maana kamati huchoma barabara za moto, yaani mikanda ya kuzuia moto, mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu na moto ukitambaa chini. Shamba la ufuta ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mkulima hung'oa visiki. Mti uliokatwa kwa mkaa ukiachwa unarudi. Uliong'olewa kwa ajili ya shamba haurudi, hata kama magogo yake yalichomwa mkaa na gunia likaonekana sawa na mengine kule Manzese. Anayehesabu magunia barabarani na kusema mkaa ndio umemaliza msitu hajarudi kuangalia kilichopandwa pale.

Ijumaa: matanuri

Siku hii ndiyo iliyojaza kurasa nyingi. Matanuri yalikuwa katika hatua tofauti, kwa hiyo hatua zote zilionekana bila kukaa wiki mbili.

Tanuri la kienyeji la udongo, likipangwa ovyo na kwa magogo mabichi, hutoa kilo 10 hadi 15 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Lililoboreshwa na kusimamiwa vizuri hufika 25 na zaidi. Fanya hesabu kwa gunia la kilo 50: la kwanza limekula kati ya kilo 330 na 500 za kuni, la pili kilo 200. Huo ni uokoaji mkubwa wa miti kwa mara moja, na vifaa vinavyohitajika ni shoka, jembe, reki, bomba la moshi na subira.

Subira ndiyo ngumu. Magogo hukatwa, yanalazwa juu ya vijiti yasiguse ardhi, na kuachwa wiki tatu hivi au zaidi. Yakikauka, ncha zinapasuka nyufa, gome linaachia, na gogo likigongwa linalia badala ya kutoa sauti nzito. Mchomaji mwenye deni la ada ya shule hana wiki tatu. Anawasha mabichi, na tanuri linateketeza sehemu ya kuni zenyewe kuyakausha. Tulipouliza kwa nini kikundi hiki husubiri, jibu lilikuwa kwamba wanakata kwa zamu: magogo ya mwezi huu yanakauka wakati ya mwezi uliopita yanachomwa. Ukianza hivyo, unasubiri mara moja tu.

Upangaji tuliufuata hatua kwa hatua na mzee mwenye tanuri. Eneo tambarare, mbali na miti iliyosimama, na ikiwezekana pale palipochomwa zamani, kwa kuwa udongo wake umeshakuwa laini na mkavu. Urefu wa tanuri unafuata mwelekeo wa upepo. Chini vinalazwa vigogo virefu kwa urefu, juu yake vijiti kwa upana, ili hewa ipite chini ya rundo zima. Kisha magogo: manene katikati, ambako joto hukaa muda mrefu, membamba pembeni na juu. Yaliyozidi unene wa paja hupasuliwa. Kila mwanya unajazwa vijiti. Mzee aliingiza mkono katikati ya rundo, na mahali mkono ulipopita kirahisi aliziba. "Moto ukipata chumba, unakaa humo na kula," alisema.

Juu ya magogo yanatandazwa majani mabichi na nyasi, unene wa shubiri moja, kisha udongo unene kama huo. Majani yanauzuia udongo usipenye kuingia kwenye mkaa. Udongo wa kichanga mtupu hupukutika majani yakiungua, na wa mfinyanzi mtupu hupasuka ukikauka. Unaofaa ni mchanganyiko, uliochambuliwa mawe na mizizi. Upande mmoja linaachwa tundu la kuwashia, upande wa pili linasimamishwa bomba la moshi ambalo mdomo wake wa chini uko usawa wa ardhi. Bomba hilo ndilo linalofanya kazi kubwa. Moshi wa moto hauwezi kutokea juu, kwa hiyo unalazimika kushuka na kupita katikati ya magogo kabla ya kutoka, na njiani unayakausha.

Baada ya kuwasha, moshi ndio unaousoma. Mweupe mzito na wenye unyevu: maji yanatoka. Huo unaweza kuendelea siku nzima na zaidi. Kisha unageuka njano ya kahawia, unauma macho, na lami nyeusi inachuruzika mdomoni mwa bomba: mti unavunjika, na kuanzia nyuzi joto 270 hivi unatoa joto lake wenyewe, kwa hiyo hewa hupunguzwa. Mwisho unakuwa wa bluu, mwembamba, karibu hauonekani. Hapo mkaa umeiva, na matundu yote yanazibwa. Ukichelewa baada ya bluu, unachoma mkaa wenyewe.

Yanayoharibika hutokea zaidi usiku. Tanuri linanywea kadiri magogo yanavyopungua, udongo unapasuka, hewa inaingia, na asubuhi upande mmoja ni majivu. Tuliona moja la namna hiyo: shimo la upana wa meza juu ya mgongo, na ndani yake kijivu kitupu. Mwenyewe alikuwa amekwenda msibani. Kwa hiyo wanalindana kwa zamu, na kila mlinzi ana rundo la udongo uliochambuliwa karibu. Usipande juu ya tanuri linalowaka bila kulaza ubao mrefu, maana paa hufunika shimo lenye moto. Usilale upande moshi unakoelekea. Gesi ya mkaa haina harufu, na ndiyo hiyohiyo inayoua watu wanaolala chumbani na jiko la mkaa.

Jumamosi: kufungua

Tanuri lililozibwa siku tatu kabla lilifunguliwa alfajiri, kabla jua halijachomoza, kwa sababu gizani kipande chenye moto kinaonekana. Linafunguliwa kidogo kidogo kutoka upande mmoja. Mkaa unavutwa kwa reki, unatandazwa, na panapoonekana wekundu panafukiwa kwa udongo mkavu. Maji yapo kwenye dumu lakini hutumika kwa dharura tu, kwa sababu mkaa wa moto ukimwagiwa maji hupasuka na kuwa chenga. Unaachwa mpaka kesho yake kabla ya kufungwa. Mkaa uliotoka tanurini karibuni hunyonya hewa na unaweza kujiwasha upya ndani ya gunia, na malori yameteketea kwa sababu hiyo.

Magogo yasiyoiva yaliwekwa kando kwa ajili ya tanuri linalofuata, yakae karibu na tundu la kuwashia. Chenga zilibaki ardhini. Ni hasara tuliyoiona kila mahali: zinaweza kufika sehemu ya kumi ya mkaa wote, wakati mwingine zaidi, na zikichanganywa na uji wa wanga wa muhogo, zikakandamizwa na kukaushwa juani, ni mkaa mwingine. Wachomaji wanajua hivyo. Wanachokosa ni mashine ya kukandamiza na mnunuzi wa karibu.

Kwenye kituo cha kijiji kuna mzani. Gunia linapimwa, linaandikwa daftarini pamoja na namba ya kitalu, stakabadhi inatolewa, na TP inafuata. Hapa lumbesa haina kazi.

Jumapili ilikuwa mapumziko.

Jumatatu: Kilosa na kurudi

Kosta ya asubuhi hadi Kilosa mjini, 5,000, vumbi lilelile. Halmashauri tulirudisha nakala ya barua na kuacha picha za vitalu, jambo ambalo maofisa walilishukuru kuliko tulivyotarajia.

Kwa mama ntilie karibu na stendi tuliagiza ugali na kuku wa kienyeji (6,000), tukatazama majiko yake mawili. Moja la bati tupu, jingine lenye ganda la udongo wa kuchomwa ndani. Kwa maharage anatumia la pili, na kwa kadirio lake mkaa uliokuwa ukiisha kwa siku mbili sasa unamfikisha ya tatu. Ganda likipasuka faida inakwisha, na hupasuka zaidi kwa kuzimiwa maji. Yeye huzima kwa kufunika na kuhifadhi vipande kwenye debe lenye kifuniko. Gesi pia anayo, mtungi mdogo, kwa chai na mayai. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Kwa jiko kama lake mabadiliko yanakuja chakula kimoja kimoja, na maharage ndiyo yatakayokuwa ya mwisho. Kitalu tulichokiona Alhamisi kitarudiwa kuvunwa baada ya 2034, kwa hiyo mpango wa msitu hauwezi kungoja gesi iwafikie wote.

Treni ya SGR Kilosa hadi Dar ilikuwa 18,000. Mwambie bodaboda "SGR", maana mji una stesheni ya zamani pia, na hakikisha tiketi si ya treni ya haraka, kwani hiyo haisimami hapa.

*Kwa atakayefuata njia hii:* nenda kati ya Juni na Septemba. Masika barabara hukatika, udongo wa matanuri huloa, na wachomaji wengi huwa mashambani. Beba mzani wako, viatu vya kufunika kidole, barakoa, tochi na pesa taslimu ndogo ndogo. Kikundi cha wachomaji kinapoteza nusu siku kukuonyesha kazi, kwa hiyo malipo yake yapatane na kamati mapema, mbele ya mtendaji, na yaandikwe.